Wazee wa Juu na Wazee wa Chini

Siku ya maziko yake alisimama mtu wa ofisi, suti nyeusi, leso mkononi. Akasema marehemu alikuwa mpole, mwenye lugha laini, kipenzi cha wote.

Uongo mtupu.

Bi Mkato hakuwa mpole hata siku moja. Ulimi wake ulikuwa wembe. Nusu ya ofisi ilimwogopa, nusu ilimchukia, naye aliwachukia wote vizuri zaidi. Kumsifu kwa upole ni kumzika mtu mwingine. Yeye alikuwa hivi.

Alikuwa karani wa ujumbe katika kampuni ya mizigo. Jengo lilikuwa la ghorofa moja. Juu kulikuwa na zulia, simu na wakubwa. Chini kulikuwa na bohari, karakana, yadi ya makontena, na chumba cha kompyuta kubwa. Kompyuta yenyewe ilijaza chumba kizima: makabati ya chuma yanayonguruma, na baridi ya kukata masikio. Haikuwa ya mtu mmoja. Ofisi yote pamoja na matawi yake ilifungwa humo kwa nyaya, na kila mkubwa alikuwa na skrini yake ya maandishi ya kijani.

Ukitaka kumpelekea mtu ujumbe, ilibidi uandike anwani yake kama mashine inavyoijua. Herufi, tarakimu, kituo, halafu jina la tawi. Ukikosea herufi moja, ujumbe unapotea, au unamfikia asiyehusika. Wakubwa walikosea kila siku, kisha wanaigombeza mashine.

Hapo ndipo alipoingia yeye. Anaketi kwenye skrini yako, anafungua faili la majina, anaandika jina fupi, na mbele yake anaandika ile anwani ndefu. Tangu hapo wewe unaandika jina fupi tu, mashine inajaza yaliyobaki. Hilo waliliita jina la mkato. Akitaka, anawatia watu wengi chini ya jina moja. Unaandika MADEREVA, na madereva wote wanapata. Hiyo waliiita orodha ya kusambazia. Jina lisizidi herufi nane. Na majina mawili yasifanane, kwa sababu mashine haijui kubahatisha.

Ungedhani ni kazi ya utulivu. Ilikuwa vita.

Kulikuwa na wafanyakazi watatu wa jina moja. Wa kwanza akamwita MREFU. Wa pili MFUPI. Wa tatu alikuwa mtunza bohari. Hakuwa mrefu wala mfupi, ila upara wake uling'aa kama sahani iliyooshwa. Akamwita KIPARA.

Mtunza bohari alikuja juu kama maziwa ya moto.

"Kipara ndiyo mimi?"

"Kwani ofisini kuna mwingine?"

"Ungeniita BOHARI, mama!"

"Bohari haina upara."

Jina lilitoka kwenye skrini likaingia midomoni mwa watu, na halikutoka tena. Mpaka wanawe nyumbani walilisikia. Kipara hakumsamehe. Kila aliyemgeukia alimwambia yule mwanamke ana roho mbaya, na yule mwanamke alipoambiwa kwamba anasemwa, alisema afadhali, kwani wakinyamaza atadhani amekufa.

Na yeye wakambandika lake, Bi Mkato. Wengine walisema ni kwa ajili ya yale majina. Wengine walisema ni kwa jinsi anavyowakata watu.

Mumewe alikuwa mwendesha winchi kwenye yadi ile ile. Mtu wa maneno machache. Kalamu aliijua kiasi cha kuandika jina lake, akatosheka hapo. Mchana walikula pamoja nyuma ya karakana, kwenye benchi la mbao. Hawakuongea. Walipeana chumvi. Watu walipouliza "mzee wako hajambo?", mwanamke alijibu "mzee wangu yuko juu ya winchi, muulizeni mwenyewe." Mume hakulipenda neno hilo. Hakuwa na mvi hata moja.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipoletwa meneja mpya wa utawala.

Alikuja na tai. Ofisi ile ilikuwa ya joto, watu walivaa mashati ya mikono mifupi, lakini yeye alifika na tai nyekundu iliyomkaba shingo, na kesho yake nyingine, na kesho kutwa nyingine. Bi Mkato alimtafutia jina la kumweka kwenye skrini yake mwenyewe. MENEJA alikuwepo mwingine, wa mizigo. UTAWALA ilikuwa idara nzima. Akaandika TAI.

Siku ya tatu meneja aliteremka chini kukagua, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Hiyo TAI ni nani?"

"Wewe, Bwana Meneja."

"Tai yupi? Huyu wa shingoni au yule anayekula mizoga?"

Mkuu wa kompyuta, kijana aliyeitwa Sweta kwa sababu hakuvua sweta kwa ajili ya ile baridi, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Mashine haina nafasi ya kueleza," alisema Bi Mkato. "Ni herufi nane tu."

Meneja alitabasamu kwa meno. Tangu saa ile hawakupikika chungu kimoja.

Hakumfukuza. Alimbana. Alimhamishia kiti chini ya bomba la hewa baridi. Alimfutia ruhusa ya kutoka mapema siku za kliniki, ingawa alijua ana kifua kibaya. Alipopita alisema kwa sauti, "Huyu mama bado yupo?" Naye, bila kugeuka, alijibu, "Bado, Bwana Meneja. Na wewe pia bado."

Sasa sikiliza lilivyotokea.

Meneja alikuwa na tabia ya kuteremka yadi na kuwapaka watu mafuta. Wiki moja aliwakusanya wakongwe wa kazi kivulini mwa makontena: wapakizi, madereva, mafundi wa karakana, mwanamke wa kufagia, mlinzi wa geti. Wengi walikuwa wameingia kampuni hiyo kabla meneja hajaota ndevu. Akawashika mikono mmoja mmoja. Akasema, "Wazee wangu, nyinyi ndio msingi wa nyumba hii. Nitakuwa nawaandikia moja kwa moja. Sitaki mtu kati yetu."

Bi Mkato alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alisikia kila neno. Alisema moyoni, huyu anatafuta nini? Lakini alisikia.

Siku chache baadaye aliitwa juu. Meneja alikuwa na simu sikioni, amefunika mdomo wa simu kwa kiganja. Akamwambia kwa haraka:

"Nitengenezee orodha ya wazee. Leo hii. Nikiandika neno moja, iwafikie wote."

"Wazee wote?"

"Wote! Usimwache hata mmoja. Sitaki baadaye mtu aje kunilalamikia."

Akamgeukia mtu wake wa simu. Bi Mkato aliketi kwenye skrini ya meneja, akaandika WAZEE, na chini yake akaanza kuwatia. Wapakizi. Madereva. Mafundi. Mwanamke wa kufagia. Mlinzi wa geti. Watu wa chini hawakuwa na skrini. Walikuwa na anwani tu, na ujumbe wao ulitoka kwenye printa ya bohari, karatasi moja kwa kila mtu, jina lake juu. Alipofika yadi alimtia mumewe mbele ya wote. Alimaliza kabla meneja hajakata simu.

"Tayari."

"Haya, nenda."

Hakumshukuru. Naye hakuzoea kushukuriwa, hakungoja.

Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa dogo kama tundu la sindano. Kule juu kwenye zulia, wazee ni wakubwa. Wakuu wa idara. "Wazee wamekaa," wanasema, maana yake wakubwa wana mkutano. "Subiri wazee waamue." Hata mkuu wa idara aliyeoa jana, kule juu ni mzee. Huku chini kwenye saruji, mzee ni mtu aliyezeekea kazi. Neno moja, ngazi moja katikati. Bi Mkato alikuwa mtu wa saruji. Meneja alitoka kwenye zulia, na yadi aliwaita wale watu wazee kwa kuwapaka mafuta tu. Hakukumbuka kwamba mtu akiitwa hivyo anaitika.

Na mashine haikumwambia. Ukiandika jina la orodha, juu ya ujumbe kwenye skrini yako linakaa jina hilo tu. Walio ndani huwaoni.

Asubuhi ya pili printa ya bohari ilianza kupiga kelele. Ikatoa karatasi moja, ikatoa ya pili, haikukoma. Kipara alizichukua zikiwa bado na joto. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili, ilikuwa ile ile. Akatoka nje akawaita watu wa yadi, akasimama juu ya kreti, akasoma kwa sauti:

"Wazee, salamu. Kama tulivyokubaliana, tutaanza na wale waliochoka wa yadi na karakana. Watapewa karatasi ya kustaafu kwa hiari yao. Wengi hawajui kusoma, wataweka dole gumba bila maswali. Tafadhali msiwaambie lolote mpaka mwisho wa mwezi. Meneja, Utawala."

Mpakizi mmoja akauliza, "Wale waliochoka ni nani?"

"Ni sisi, ndugu yangu," alisema Kipara. "Jina lako hili hapa juu."

"Anatuandikia sisi kwamba tusijiambie?"

Mtu akacheka. Ndicho kicheko cha mwisho kilichosikika yadi ile wiki hiyo. Winchi ilisimama na kontena hewani. Mume wa Bi Mkato aliteremka ngazi polepole, akaichukua karatasi yake, akaitazama juu palipokuwa na jina lake. Hilo alilisoma mwenyewe. Akaikunja akaitia mfukoni.

Walipanda ngazi wote, na buti zao, mpaka kwenye zulia. Meneja aliwaona mlangoni akadhani wamekosea njia. Walipomwekea karatasi mezani, uso ulimparama.

"Nani kawapa hii?"

"Wewe," alisema mlinzi wa geti. "Ulisema utatuandikia moja kwa moja. Umeandika."

Nusu saa haikuisha Bi Mkato akaitwa. Sweta naye aliitwa, akakaa pembeni amejikunyata. Meneja alifunga mlango.

"Umeniuza."

"Sijauza kitu. Uliniambia wazee."

"Wazee! Wakuu wa idara! Mtu mwenye akili timamu anajua wazee wa ofisi ni nani!"

"Wiki iliyopita uliwaita wao wazee. Nilikuwa mlangoni. Uliwaambia utawaandikia."

"Usinichezee maneno, mama. Wewe ndiye uliyeniita ndege wa mizoga."

"Hilo la mizoga ulilisema mwenyewe."

Meneja aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Sauti yake iliporudi ilikuwa imetulia, na hiyo ndiyo iliyomtia Bi Mkato wasiwasi.

"Sikiliza. Wewe unakalia kuti kavu, unajua. Lakini nitakupa njia. Kesho asubuhi utawaandikia watu wale wale. Utasema ulikuwa unaijaribu orodha mpya. Utasema yale maneno uliyatunga wewe, kujaza nafasi, na jina langu uliliweka kwa makosa. Utaomba radhi. Basi. Kazi yako unabaki nayo. Na mumeo anabaki juu ya winchi yake."

"Na wengine?"

"Wengine si juu yako."

"Niseme mimi ndiye niliyeandika hawajui kusoma?"

"Kwani wanajua?"

Bi Mkato alimtazama Sweta. Sweta alitazama mikono ya sweta yake.

"Nisipoandika?"

"Utapigwa kalamu wewe, halafu yeye. Kesho saa ya kazi ikianza nakukuta kwenye skrini."

Aliteremka ngazi. Chini hakukuwa na nafuu. Wale watu walikuwa wamesikia kwamba orodha ni kazi ya mkono wake, na kila mmoja alikuwa na maneno yake. Mwanamke wa kufagia aliinua ufagio akamzuia njia.

"Ulijua."

"Sikujua."

"Umetupanga mmoja mmoja kama kuku wa kuuzwa, na hukujua? Hata mumeo umemtia. Mwanamke gani wewe?"

"Aliyepanga kuku si aliyeandika bei. Nipishe."

Kipara alikuwa amekaa mlangoni mwa bohari na furaha yake yote usoni. "Bi Mkato," alisema, "leo na wewe umekatwa."

Hakumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwacha mtu na neno la mwisho, na Kipara mwenyewe alishtuka.

Nyumbani mumewe alikuwa amefika kabla yake. Alikaa kwenye kigoda, karatasi juu ya goti. Hakuitikia hodi.

"Sema basi," alisema mkewe.

"Umenitia kwenye wazee."

"Ndilo linalokuuma?"

"Mimi ni mzee? Mvi ziko wapi? Nionyeshe."

"Meneja alisema wazee. Nimekutia mbele ya wote. Mzee wangu ni nani, kama si wewe?"

Siku nyingine angecheka kidogo, puani. Siku hiyo hakucheka. Mkewe aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, akamweleza yote: alichotakiwa kuandika, alichoahidiwa, na kuti kavu lenyewe. Alimweleza na habari ya winchi.

Mume akauliza, "Hawajui kusoma. Hilo nalo uandike wewe?"

"Kwani unajua?"

"Jina langu nalijua."

"Basi ndilo lililokuwa juu ya karatasi. Mengine hayakukuhusu."

"Usinifanyie mzaha, mama watoto."

"Sifanyi mzaha. Nauliza. Nikiandika, yadi yote itasema ni mimi niliyewaita hivyo. Nikikataa, tutalala njaa wote wawili. Sema lolote. Maisha yako yote umekaa juu ya hiyo winchi kimya kama kontena. Sema."

Mume aliikunja ile karatasi mara mbili.

"Winchi si yangu," alisema. "Ni ya kampuni."

Mkewe alingoja, akaona hakuna zaidi. Akakasirika, akawasha jiko kwa kelele, akapiga masufuria. Walikula wakiwa wamekunja nyuso. Chumvi kila mtu alijitilia mwenyewe.

Asubuhi alivaa gauni lake la bluu, la siku za mikutano. Alifika kabla ya meneja, akaketi chini ya bomba la hewa baridi, akawasha skrini. Mikono ilikuwa baridi. Alijua kazi nyingine haipati. Umri wake, kifua chake, na kazi ambayo mtu wa nje hata jina lake halijui. Ukimwambia mtu umetunga majina ya mkato, atakuuliza ulikuwa unachezea watoto gani. Aliipenda kazi ile. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini aliipenda: kulishika neno moja likabeba watu wote, na wakafika.

Meneja aliingia na tai ya kijani. Sweta nyuma yake. Wakuu wawili wa idara walikuja kushuhudia, wakabaki mlangoni kwa ajili ya baridi.

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

"Andika." Akaanza kutembea huku na huku, mikono nyuma, macho darini, kama mwalimu wa imla. "Ndugu wafanyakazi. Ujumbe mlioupata jana..."

Vidole vya Bi Mkato vilianza kugonga.

"...ulikuwa majaribio ya orodha mpya..."

Viligonga.

"...maneno yale niliyatunga mimi karani wa ujumbe, bila idhini ya mtu yeyote..."

Viligonga. Sweta alikuwa amesimama mahali anapoiona skrini. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaanza kuufuta mkono wa sweta yake kwa mkono mwingine, kana kwamba umemwagikiwa kitu. Hakusema neno, na kama kuna siku yule kijana alifanya la maana, ndiyo hiyo.

"...ninaomba radhi kwa usumbufu. Jina lako, cheo chako. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Tuma."

"Nimeshatuma."

"Vizuri. Sasa wasomee wakubwa hawa wasikie."

Bi Mkato alivaa miwani. Akasoma kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma orodha za simu:

"Kwa WOTE. Ujumbe wa jana haukuwa majaribio. Aliuandika Meneja wa Utawala, akiwaandikia wakuu wa idara. Alisema wazee, nikadhani wazee ni wazee, nikawapa wenyewe. Kosa hilo ni langu. Maneno si yangu. Leo nimeambiwa niseme niliyatunga mimi. Sikuyatunga. Msiweke dole popote. Karani wa ujumbe."

Hewa ya bomba ilisikika.

"Futa," alisema meneja. Sauti haikutoka vizuri. "Futa!"

"Ukishatumwa haufutiki, Bwana Meneja. Umeshafika kwao. Na matawini."

Huko juu simu zikaanza kulia, moja, halafu nyingine. Mmoja wa wakuu wa idara alikuwa ameshaondoka mlangoni.

Meneja alimwinamia mpaka tai ikagusa kibodi. "Umejimwagia unga, mwanamke mjinga. Wewe na mumeo."

"Tai yako inabonyeza vitufe," alisema Bi Mkato. "Utatuma kitu kingine."

Alitolewa na mlinzi wa geti, yule yule wa kwenye orodha. Mlinzi aliamriwa amkague mkoba. Aliufungua mkoba, akaona miwani, kitana, dawa ya kifua, akaufunga bila kumtazama usoni. Watu wa yadi walikuwa wamesimama na karatasi zao mpya. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemwambia pole. Mwanamke wa kufagia alisema, "Si ungesema tangu jana?" Bi Mkato akamwambia, "Jana ulikuwa umeziba njia na ufagio." Akapita.

Juu ya winchi mumewe alimwona akitoka. Aliipiga honi ya winchi mara moja. Ilikuwa honi ya kazi, ya kuonya watu wapishe mzigo. Mkewe hakuinua kichwa, ila alijua ni nani.

Karatasi za kustaafu kwa hiari hazikuletwa. Matawi yalikuwa yamesoma, na mambo yaliyosomwa na matawi hayafichiki tena chini ya zulia. Wakongwe wa yadi walibaki, kila mmoja akatoka wakati wake ulipofika. Wengine walisema ni Mungu. Wengine walisema ni umoja wao. Kumshukuru yule mwanamke, hakuna aliyekwenda. Mumewe aliteremshwa kwenye winchi akapewa ufagio, akawa anafagia na yule mwanamke wa kufagia, mpaka meneja alipohamishwa. Alihamishwa kwa kupandishwa cheo, na kwenye sherehe ya kumuaga walisema ni mtu wa watu.

Bi Mkato hakuigusa skrini tena. Alishona nguo za watoto, alivutana bei na wateja, aligombana nao, walirudi.

Kitu kimoja kilitokea kabla ya mwezi wa kufukuzwa kwake kuisha. Kipara alikuja nyumbani kwao. Hakuwahi kufika. Alisimama kizingitini na rundo la karatasi za printa, upara umejaa jasho.

"Shemeji," alimwambia mume, kwa sababu mke alikuwa amempa mgongo, anashona. "Wamemfuta. Ile anwani yake wameiondoa kwenye kompyuta. Lakini jina lake la mkato bado limo kwenye skrini za watu. Mtu akipotea njia, anaandika MKATO, anamuuliza, nimwekeje fulani, nimtumieje fulani. Mashine inarudisha ujumbe. Wamenirundikia mimi bohari. Zote hizi."

"Inasemaje?" aliuliza mume.

Kipara alisoma ya juu. "Inasema, 'Hakuna mtu huyo.'"

Cherehani ilisimama.

"Waambie yupo," alisema mume. "Anashona."

Yalikuwa maneno mengi kwa siku moja. Mkewe aligeuka akamtazama, si kwa upole, lakini alimtazama. Kisha akanyoosha mkono kwa Kipara, akazichukua zile karatasi zote, akapitia mbili tatu. Walikuwa wakubwa wa juu. Walikuwa wa matawini. Kulikuwa na moja ya Sweta.

"Wajinga," alisema. "Huyu wa juu, jina la kwanza tu limemshinda kuliandika."

Akaenda jikoni, akawashia jiko zile karatasi moja moja, akachemsha chai. Kipara alikaribishwa kigoda, akanywa. Ilikuwa na sukari kidogo sana, na si kwamba sukari ilikuwa imekwisha.